Uongo na Amana katika Filamu za Audrey Hepburn

Mchezo wa sinema ni uongo uliokubaliwa na pande mbili. Mtazamaji hutoa fedha yake mlangoni akijua kuwa binti mfalme atakayemwona si binti mfalme, na kuwa maiti aliyelala sakafuni atainuka kamera zikizimwa, ajifute vumbi, aende zake kula. Mtu huyu hakudanganywa. Ameridhia kudanganywa, na kwa sababu ya ridhaa yake hatoki na kinyongo. Lakini ziko filamu ambazo ndani yake uongo si njia ya kusimulia tu, bali ndio jambo lenyewe linalosimuliwa. Filamu za mapenzi na ucheshi zilizotoka Hollywood baina ya mwaka 1953 na 1967, pamoja na zile za hofu na taharuki zilizofuatana nazo, zilikuwa na namna hiyo kwa wingi, na ni wachezaji wachache waliozitumikia vizuri kama Audrey Hepburn.

Ucheshi na hofu huonekana kuwa mahasimu, walakini ni ndugu wa tumbo moja. Katika kila mmoja yumo mtu anayejidai kuwa asiyekuwa. Mpenzi huficha jina lake ili apendwe; mwizi huficha lake ili aibe. Basi ni kipi kinachotenga uongo wa mmoja na uongo wa mwingine, hata mtazamaji akamsamehe huyu na kumlaani yule? Kiswahili kina neno moja linalotosha kwa jibu, nalo ni amana. Amana ni kitu cha mwenzako kilicho mkononi mwako. Chaweza kuwa fedha, chaweza kuwa mtoto, chaweza kuwa siri. Katika filamu za Audrey Hepburn, mwongo anayeitunza siri aliyoingia ndani yake husamehewa, na anayeiuza huangamia. Insha hii yataka kuonyesha kwamba kipimo hicho kina mizizi katika maisha ya watu waliozitengeneza filamu hizo, waliokuwa wamejua gharama ya jina.

Tuanze na jina la mchezaji mwenyewe. Alizaliwa Ixelles, katika mji wa Brussels, tarehe 4 Mei, 1929, akaitwa Audrey Kathleen Ruston. Mama yake, Ella van Heemstra, alikuwa Mholanzi wa ukoo wa mabaroni; baba yake, Joseph Ruston, alikuwa raia wa Uingereza. Jina la Hepburn lilikuja baadaye, kwa sababu baba alijihesabu kuwa wa kizazi cha Hepburn wa Scotland, dai lisilokuwa na msingi. Mwaka 1935 baba aliiacha nyumba yake. Vita vilipoanza mwaka 1939 mtoto alikuwa shuleni Uingereza. Mama alimchukua akampeleka Arnhem, Uholanzi, akitumaini kuwa nchi hiyo ingebaki nje ya vita kama ilivyobaki katika vita vya kwanza. Tumaini hilo halikudumu. Wajerumani waliivamia Uholanzi tarehe 10 Mei, 1940, siku 6 baada ya mtoto kutimiza miaka 11.

Jina la Kiingereza lilikuwa hatari katika nchi iliyotekwa na maadui wa Uingereza. Kwa hiyo Audrey akaitwa Edda van Heemstra, akajifunza kuitika kwa jina hilo na kutosema Kiingereza mbele za watu. Mwaka 1942 Wajerumani walimpiga risasi Otto van Limburg Stirum, mume wa dada ya mama yake, pamoja na mateka wengine, kwa kulipiza kisasi cha tendo ambalo hawakulitenda. Msichana aliendelea kujifunza baleti, na alicheza katika mikusanyiko ya siri, madirisha yakiwa yamefunikwa, ili kukusanya fedha kwa ajili ya waliowapinga Wajerumani. Kisha kikaja kipupwe cha mwaka 1944 na 1945, ambacho Waholanzi wakiita kipupwe cha njaa. Watu wapatao 20,000 walikufa. Watu walikula mizizi ya maua ya tulipu. Ukombozi ulipofika, Audrey alikuwa amekonda, damu yake imepungua, na miguu yake imevimba.

Haifai kuficha kwamba nyumba hiyo ilikuwa na siri ya namna nyingine pia. Katikati ya miaka ya 1930 wazazi wote wawili waliwaunga mkono mafashisti wa Uingereza, na mama aliandika makala ya kuwasifu. Baba aliwekwa kizuizini Uingereza wakati wa vita. Mama aligeuka alipoyaona matendo ya watekaji kwa macho yake. Binti aliubeba mzigo huo kimya katika miaka yote ya umaarufu wake. Twaweza kusema kwamba kabla hajalipwa senti moja kwa kuigiza, alikuwa amekwisha kuishi na jina la kubuni na siri ya kutunza, na adhabu ya kukosea maneno yake haikuwa kuzomewa na watazamaji.

Vita vilipokwisha alikwenda London kujifunza baleti kwa Marie Rambert, akaambiwa kuwa hatafika daraja ya juu. Kimo chake kilikuwa kirefu, na miaka ya njaa ilikuwa imemnyima nguvu zinazotakiwa. Akawa mchezaji wa kundi katika michezo ya muziki, na mwaka 1951 Colette, mwandishi wa Ufaransa, alimwona Monte Carlo akamchagua kucheza Gigi katika jukwaa la New York. Mwaka huo huo William Wyler alikuwa akimtafuta msichana wa kucheza binti mfalme katika filamu ya Roman Holiday. Jaribio la kamera lilifanywa karibu na London chini ya Thorold Dickinson. Audrey alipomaliza sehemu yake aliambiwa kuwa kazi imekwisha, naye akastarehe, akaketi kitandani akazungumza na kucheka. Lakini kamera ilikuwa imeachwa ikienda. Kipande hicho, alichokitoa bila kujua kuwa anatazamwa, ndicho kilichomshawishi Wyler. Hivyo hata mlango wa Hollywood ulifunguliwa kwake kwa hila ndogo, hila iliyomfaa aliyetendewa.

Roman Holiday ilipigwa Roma mwaka 1952 ikatoka mwaka 1953. Binti mfalme Ann, amechoka na mikutano na hotuba, anatoroka usiku kutoka katika jumba la ubalozi. Joe Bradley, mwandishi wa habari wa Kimarekani asiye na fedha, anamwokota akiwa anasinzia kwa dawa aliyopewa ili alale. Anapomtambua hamwambii, kwa maana mhariri wake amemwahidi dola 5,000 kwa habari za siri za binti huyo. Ann anajifanya mwanafunzi. Joe anajifanya mfanya biashara ya mbolea. Na rafiki yake Irving anapiga picha kwa kamera iliyofichwa katika kiberiti cha petroli. Watu watatu wanakula, wanacheza, wanacheka, na hapana hata mmoja anayesema kweli.

Wyler akawapeleka waongo hawa mbele ya Mdomo wa Kweli, jiwe la kale lililo katika ukumbi wa kanisa la Santa Maria in Cosmedin, ambalo hadithi yasema humuuma mwongo mkono. Ann anaogopa kutia wake. Joe anatia wake, anapiga kelele, na anapoutoa mkono hauonekani. Gregory Peck alikuwa ameuficha ndani ya mkono wa koti bila kumwambia mwenziwe, na mlio wa Audrey tunaousikia ni mlio wa hofu ya kweli, ambao mara ulifuatwa na kicheko. Hapo, katika muda usiozidi dakika chache, hofu na ucheshi vilishikana mikono.

Lakini uzito wa filamu hii uko mwishoni. Ann amerudi katika kazi yake, na anakutana na waandishi wa habari rasmi. Anamwona Joe miongoni mwao, na kwa mara ya kwanza anajua aliyekuwa naye. Anasema mbele ya wote kwamba ana imani na urafiki baina ya mataifa, kama alivyo na imani na urafiki baina ya watu. Na Joe, kwa maneno ya adabu yanayofahamika na wawili tu, anamhakikishia kuwa imani hiyo haitavunjwa. Irving anamkabidhi bahasha yenye picha zote. Dola 5,000 zimepotea. Hakuna harusi. Joe anatoka peke yake katika ukumbi mrefu, na hatua zake zinasikika. Filamu ya ucheshi inakwisha kwa amana iliyorudishwa.

Msomaji atauliza, nani aliyeitunga hadithi hii? Mtu aliyetazama mwanzo wa filamu mwaka 1953 alisoma jina la Ian McLellan Hunter, na mwaka 1954, usiku ule ule ambao Audrey Hepburn alipewa tuzo ya Oscar ya mchezaji bora wa kike, tuzo ya hadithi bora ilitolewa kwa jina hilo. Aliyeitunga hasa alikuwa Dalton Trumbo. Mwaka 1947 kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani iliwaita watu wa sinema ikawauliza kama wao, au wenzao, walikuwa wanachama wa Chama cha Kikomunisti. Trumbo na wenziwe 9 walikataa kujibu. Walihukumiwa kwa kosa la kulidharau Bunge, na Trumbo aliingia gerezani mwaka 1950. Makampuni ya filamu yaliapa kutowaajiri. Hunter, rafiki yake, alimkopesha jina, akaiuza hadithi kama yake, na fedha akampa mwenyewe.

Tukilijua jambo hili twaitazama filamu kwa macho mapya. Katika Hollywood ya miaka hiyo, mtu aliweza kuipata tena kazi yake kwa kuyataja majina ya rafiki zake. Siri ya mwenzako ilikuwa bidhaa yenye soko. Na hapa kuna hadithi ya mtu maskini anayeshika siri yenye thamani ya dola 5,000, mnunuzi akiwa mlangoni, naye anakataa kuuza. Sidai kwamba Trumbo aliandika fumbo la kamati ile. Nasema tu kwamba mtu aliyekwenda gerezani kwa kutotaja majina alijua vema uzito wa kunyamaza kwa Joe Bradley. Na katika kazi hiyo hiyo lilikuwapo tendo jingine la haki ya jina. Gregory Peck, nyota aliyekuwa na haki ya kutangazwa peke yake, alitaka jina la msichana asiyejulikana liwekwe pamoja na lake juu ya jina la filamu, kwa kuwa aliiona kazi yake akajua kuwa anastahili.

Mafanikio hayo yakaweka mtindo. Katika Sabrina ya mwaka 1954, iliyoongozwa na Billy Wilder, Linus Larrabee anajifanya kumpenda binti wa dereva ili amtenge na ndugu yake na kuiokoa biashara ya ukoo. Uongo unamgeukia, na anapenda kweli. Katika Love in the Afternoon ya mwaka 1957 msichana mnyenyekevu anajivika sifa ya wapenzi wengi ili asidharauliwe na mzee tajiri. Katika My Fair Lady ya mwaka 1964 muuza maua anafundishwa matamshi mpaka watu wa ngazi ya juu wanamwamini kuwa mmoja wao. Hapo tena filamu ya kujidai ilikuwa na deni lake la siri. Sauti inayoimba nyimbo nyingi ni ya Marni Nixon, na jina lake halikuandikwa katika filamu. Audrey alikuwa amefanya mazoezi akitumaini kuimba mwenyewe. Pande mbili ziliumia: mmoja alinyimwa sauti yake, na mwingine alinyimwa jina lake.

Filamu moja isiyo ya ucheshi wala taharuki yafaa kutajwa hapa, kwa kuwa ndiyo daraja baina ya nusu mbili za kazi yake, na kwa kuwa sehemu yake ilipigwa katika nchi ya wasema Kiswahili. The Nun's Story, ya Fred Zinnemann, ilipigwa mwaka 1958 karibu na Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani, ikatoka mwaka 1959. Gabrielle, Mbelgiji, analiacha jina lake na kuwa mtawa mwenye jina jipya, anafanya uuguzi Kongo, na mwishowe anaivua nguo ya utawa. Wajerumani wamemwua baba yake, naye hawezi kudai kuwa amesamehe hali hajasamehe. Anatoka nje kwa mlango mdogo, bila muziki, kwa sababu hataki kuishi katika uongo mtakatifu. Aliyeucheza mlango huo alikuwa amepotewa na Otto van Limburg Stirum.

Baada ya hapo ucheshi wake ukaanza kuingiwa na damu. Charade, iliyoongozwa na Stanley Donen mwaka 1963, yaanza kwa maiti aliyetupwa kutoka katika gari moshi. Regina Lampert anagundua kuwa marehemu mumewe aliiba dhahabu yenye thamani ya dola 250,000 wakati wa vita, na kwamba wenziwe wanaitaka kwake. Anayemsaidia, Cary Grant, anabadilisha jina mara kwa mara hata yanafika manne, na kila mara Regina anaanza upya kumwamini. Twacheka, lakini twacheka kwa wasiwasi, maana jina moja katika hayo manne laweza kuwa la muuaji. Mali yenyewe iko mbele ya macho ya wote: ni stempu tatu zilizobandikwa kwenye bahasha ambayo kila mtu ameishika. Mtoto anapewa stempu hizo kama kitu cha kuchezea, naye anazibadilisha sokoni.

Hapo ndipo filamu inapotoa kipimo chake. Mzee mwenye meza ya stempu amezitambua. Angeweza kufunga meza yake na kutoweka akiwa tajiri. Anazirudisha kwa Regina bila kudai ujira, akiridhika kuwa kwa dakika chache zilikuwa zake. Na Regina naye, mjane aliyeachiwa nyumba tupu, anazipeleka ubalozini kwa sababu fedha ni ya serikali. Katikati ya wauaji na waongo, watu wawili wamerudisha kisichokuwa chao, na wote wawili ndio wanaobaki salama. Kwa mkasa wa ajabu, filamu hii iliyohusu mali iliyo wazi ikapotea kwa wenyewe kwa njia hiyo hiyo. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilitaka tangazo la hakimiliki liwe na neno lenyewe au alama yake, na tangazo la Charade halikuwa nalo. Tangu siku ilipotoka, kila mtu Marekani aliweza kuinakili na kuiuza.

Katika How to Steal a Million ya mwaka 1966 Wyler alirudia ucheshi mtupu. Baba ni mghushi wa picha na sanamu. Binti anamwajiri mwizi aibe sanamu ya baba yake mwenyewe kutoka katika jumba la makumbusho kabla wataalamu hawajaipima. Na mwizi kwa kweli ni mpelelezi wa vitu vya kughushi. Hapa uongo umepandishwa juu ya uongo kama vyungu sokoni, na visianguke. Kwa nini? Kwa sababu mpelelezi, akiisha kuijua siri ya baba, haiuzi.

Mwaka uliofuata kicheko kiliondolewa, ikabaki hofu. Wait Until Dark, iliyotayarishwa na mumewe, Mel Ferrer, na kuongozwa na Terence Young, yaanza kwa amana. Mgeni amemwomba mpiga picha amshikie mwanasesere, na mtu huyo, kwa wema, amekubali, asijue kuwa ndani mna heroini. Wahalifu watatu wanakuja kwa mkewe, Susy, aliye kipofu. Mmoja anajifanya rafiki wa zamani wa mume, mwingine askari polisi, na wa tatu anajifanya baba mzee na kisha mwana. Ni mchezo wa ucheshi ule ule, watu na majina ya kubuni, ila umegeuzwa ndani nje. Susy haoni sura walizovaa. Anasikia viatu, na viatu haviigizi. Anapotambua kuwa amezungukwa, anavunja taa zote za nyumba ili wote wawe vipofu sawa naye. Anaisahau moja, iliyo ndani ya jokofu. Mwaka 1967 majumba ya sinema yalipunguza taa zake hata kiwango cha mwisho kilichoruhusiwa na sheria, ili watazamaji wakae gizani pamoja naye. Kwa kazi hii alipendekezwa kwa tuzo ya Oscar mara ya tano. Kisha akaondoka katika sinema kwa miaka kadhaa.

Yuko atakayesema kwamba hizi ni hadithi za matajiri, nguo za Givenchy na miji mizuri, na kwamba kuzipa uzito wa maadili ni kuzitwika mzigo usio wao. Yamo maneno ya haki humo. Tena kuna doa lisilofutika. Katika Breakfast at Tiffany's ya mwaka 1961 Mickey Rooney, mzungu, alipakwa rangi na kutiwa meno ya bandia ili amcheze jirani Mjapani kwa dhihaka. Huo nao ni uongo wa jina na sura, lakini haukuwa na ridhaa ya anayeigizwa wala heshima kwake. Kipimo tulichokitumia kuzisifu filamu hizi ndicho kinachoihukumu sehemu hiyo, na hukumu ni sahihi. Aliyekopa sura ya mwenzake naye ameshika amana.

Mwaka 1988 Audrey Hepburn akawa balozi wa UNICEF, akaenda Ethiopia wakati wa njaa, na mwaka 1992 akaenda Somalia. Alikuwa akijua njaa kwa mwili wake, na sura ambayo watu walikuwa wameiamini kwa miaka 40 aliitumia kuwafanya wawatazame watoto ambao hawakutaka kuwatazama. Alifariki Uswisi tarehe 20 Januari, 1993.

Mwaka huo huo wa 1993, miaka 17 baada ya kifo cha Dalton Trumbo, tuzo ya Oscar ya hadithi ya Roman Holiday ilikabidhiwa kwa mjane wake, Cleo. Mwaka 2011 chama cha waandishi wa sinema kilirudisha jina lake katika orodha ya walioiandika. Ilichukua miaka 58. Joe Bradley alirudisha picha kwa siku moja; walioiuza hadithi yake walihitaji zaidi ya nusu karne kurudisha jina moja. Hata hivyo lilirudi, na deni la amana halifutwi na kifo cha mwenyewe.